Mizani ya Baruti

Binamu yangu, mwana wa mjomba wangu wa Nshamba, amekaa Marekani miaka ipatayo thelathini. Katika miezi ya theluji, ambapo huko Montana watu hujifungia ndani kama kuku walionyeshewa, yeye hushuka chumba cha chini cha nyumba yake akajaza risasi. Hanunui zilizo tayari. Huokota maganda yaliyokwisha kupigwa, akayasafisha, akayarudisha katika kiasi chake kwa kuyabana katika kalibu ya chuma, akayapa fataki mpya, baruti mpya na kichwa kipya. Ganda moja la shaba nyeupe, asema, likitunzwa vizuri hujazwa mara kumi na kupita. Risasi zenyewe zilibuniwa kwa ajili ya bastola, zile zenye silinda inayozunguka, za aina iitwayo magnamu. Lakini yeye huzipigia bunduki ndefu ya wenzo, ile ya makauboi, inayopokea risasi nyingine kila mkono unaposukuma wenzo chini na kuurudisha juu.

Mwanzoni mwa mwaka 2022 aliniletea kurasa kumi na nne za daftari lake, kwa Kiingereza, akaniomba nizitie katika Kiswahili ili baba yake azisome. “Mzee ameniuliza mara tatu katika simu nafanya nini usiku,” aliandika. “Kila nikimweleza hanielewi, nami Kiswahili changu kimeota kutu. Wewe ndiye mwenye maneno.”

Mimi ni mfasiri niliyejifundisha mwenyewe. Shule niliishia darasa la saba; Kiingereza nilikipata katika kamusi isiyo na jalada, na ushairi nilirithishwa na baba, mtu wa Unguja aliyekuja Bukoba na kazi za melini, akamwoa mama yangu, Mhaya wa Ihangiro. Kwa hiyo nina Pwani mbili, moja ya bahari na moja ya ziwa, na wasomaji wa ukurasa huu wataniwia radhi nikiwavusha kutoka moja kwenda nyingine bila ya kuwatangazia nauli.

Kazi hiyo niliiona nyepesi. Ikanishinda katika mstari wa kwanza.

Daftari la binamu lilikuwa na majina manne kwa vitu vinne, ilhali sisi tuna jina moja. Risasi kwetu ni yale madini mazito, laini, yayeyukayo upesi, ambayo jina lake tulilipokea kwa Waarabu; risasi ni kile kipande kiendacho kupiga; na risasi ni kitu kizima, ganda na baruti na vyote vilivyomo. Askari akisema amebakiwa na risasi tatu, hakuna amwulizaye ni ipi katika hizo maana. Lakini mtu anayejaza hawezi kuishi na neno moja. Kwake kichwa si ganda, na ganda si baruti, na akivichanganya katika usemi leo, kesho atavichanganya mkononi.

Nikarudi kwa wakale. Msomaji wa Pwani atafurahi kujua, kama hakujua, kwamba lugha yetu iliwahi kuwa na ghala kamili la maneno haya. Bunduki ya mrao ni ile iliyowashwa kwa utambi; ya gumegume ni ile ya jiwe la cheche; kisha ikaja ya fataki. Kasiba ni mwanzi wa bunduki. Kifa ni pale pakaapo fataki. Mdeki ni ule ufito wa kushindilia. Marisaa ni zile punje ndogo za kupigia ndege, na kusubu ni kumimina madini yaliyoyeyuka ndani ya kalibu. Siku moja niliwauliza vijana wa bodaboda wa Kashai, mjini Bukoba, mdeki ni nini. Mmoja akanijibu kwa uhakika mkubwa kwamba ni ile mashine ya zamani ya kuchezea kanda. Nilicheka, lakini si kwa raha.

Nikakata shauri: kichwa kwa kile kiendacho, ganda kwa kile kibakicho, fataki kwa kile kiwashacho, na baruti ikabaki baruti. Neno risasi nililiacha kwa kitu kizima tu. Ilinichukua siku nne kufika hapo, na nikadhani magumu yamekwisha.

Niseme kidogo juu ya yaliyomo katika kurasa zile, maana yalinivuta kuliko nilivyotazamia. Magnamu ya kwanza iliyotoka mwaka 1935 ilizaliwa kutokana na risasi ya bastola iliyokuwapo tangu mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Waliotaka kuitia nguvu zaidi waliliongezea ganda urefu, kiasi cha milimita tatu. Sababu ya urefu huo haikuwa kupata nafasi. Ganda la zamani lilikuwa na nafasi tele, kwani lilitengenezwa wakati wa baruti nyeusi, ambayo huhitaji ujazo mkubwa. Milimita tatu hizo zilikuwa kufuli: risasi yenye nguvu mpya isiweze kuingia katika silinda ya bastola kongwe isiyoweza kuistahimili. Nilipousoma ukurasa huo nilisimama, nikatoka nje, nikakaa barazani muda mrefu. Sababu yake nitaieleza.

Jambo la pili ni huo ujazo. Baruti za sasa, zisizotoa moshi mwingi, ni kali. Kipimo kidogo chaweza kutosha, na kikimiminwa katika ganda lenye nafasi kubwa hupotea chini, hata mtu akasahau kuwa amekwisha kutia, akatia tena. Vipimo viwili katika ganda moja huipasua bunduki. Binamu huyapanga maganda hamsini katika ubao wenye matundu, akayamulika kwa tochi moja moja kabla ya kukiweka kichwa. Tena kwa bunduki yake huchagua baruti inayoungua taratibu na kulijaza ganda karibu lote, kwa kuwa hiyo akiitia mara mbili itamwagika mezani, na jicho litaona. Na ndiyo ifaayo mwanzi mrefu: katika bastola fupi sehemu yake hutoka mdomoni ikiwa bado yaungua, lakini katika bunduki hupata masafa ya kumaliza kazi, na kichwa kile kile hutoka kikiwa kimeongezewa zaidi ya mita mia moja kwa kila sekunde.

La tatu liliniburudisha mimi mshairi. Katika bunduki hiyo risasi hulala ndani ya bomba lililo chini ya mwanzi, moja nyuma ya nyingine, ncha ya hii ikiigusa fataki ya ile iliyo mbele yake. Kwa hiyo vichwa hufanywa bapa, kwani chenye ncha kali chaweza kuiwasha ya mbele bunduki inaporuka begani. Na mdomo wa ganda hukunjwa kidogo kukibana kichwa kisisukumwe ndani. Niliwaza shairi la pindu, ambamo beti hupokezana maneno, mwisho wa huu ukiwa mwanzo wa ule.

Kutumia risasi moja kwa bastola na bunduki si uzushi wa binamu. Winchester ya mwaka 1873 ilikuwa na risasi yake, na kuanzia mwaka 1878 Colt wakauza bastola iliyoipokea risasi hiyo hiyo, ili mtu wa nyikani abebe mkoba mmoja. Winchester wenyewe waliuza na vyombo vya kujazia, maana duka lilikuwa mbali. Zile zilizotangulia hazikujazika: baruti ya kuwashia ilikuwa imefichwa katika ukingo wa ganda, na nyundo ikishauponda ukingo, ganda limekwisha.

Bunduki hizo za wenzo zilipita kwetu. Mwaka 1889 Henry Morton Stanley, akimrudisha Emin Pasha, alipita Karagwe na kando ya ziwa Burigi na nchi ya Ihangiro, alikozaliwa mama yangu, akielekea Bagamoyo. Msafara huo ulipoanza ulikuwa umepakia Winchester hamsini na risasi zake elfu hamsini, pamoja na tani mbili za baruti na fataki 350,000. Emin alirudi mwaka uliofuata, 1890, akaweka boma la Wadachi pale Bukoba. Ila Ihangiro ilikuwa imekwisha kumjua Stanley. Mwezi Aprili 1875, katika kisiwa cha Bumbire, ambacho leo kimo Wilaya ya Muleba, watu waliivuta mashua yake pwani na kumnyang'anya makasia. Alitoroka. Agosti akarudi na mitumbwi na mamia ya watu, akazipanga mbali kidogo na ufuko, mahali ambapo mishale na mawe ya kombeo hayakufika, wala hakushuka. Alipiga risasi kutoka majini mpaka aliporidhika. Habari alizozipeleka mwenyewe magazetini zilizusha makelele huko Uingereza mwaka 1876, na wazee wa ziwani hawakuhitaji gazeti kuzijua.

Nayasema haya kwa sababu mtu ataniuliza: ikiwa silaha ya risasi kumi na zaidi ilipita mlangoni kwenu mwaka 1889, mjomba wako alikuwa akifanya nini na gobore mwaka 1984? Jibu limeandikwa katika mkataba uliotiwa sahihi Brussels tarehe 2 Julai 1890. Mataifa yaliyokuwa yakigawana bara hili yalikubaliana, kwa jina la kukomesha biashara ya watumwa, kwamba bunduki za kisasa na risasi zake zisiuzwe kwa Waafrika katika sehemu kubwa ya bara. Kilichoruhusiwa ni bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mwanzi, na baruti ya kawaida. Mkataba uliwahi kuachwa ukapitwa na mingine, lakini ulikuwa umekwisha kutuchagulia chombo. Mhunzi wa kijijini alijifunza kukitengeneza hicho, kwa bomba na mti na chemchemi ya kitasa, na akawafundisha wanawe.

Na mhunzi wa Buhaya si mtu wa kubezwa. Wachimbuzi wa mambo ya kale waliofanya kazi Kemondo na sehemu nyingine za kando ya ziwa walithibitisha, na kutangaza mwaka 1978, kwamba watu wa huku walikuwa wakiyeyusha chuma kwa ufundi wa hali ya juu zaidi ya miaka elfu moja na mia tano iliyopita.

Wala kujaza upya hakukuanza Montana. Aprili 1915 meli ya Wadachi iliyokuwa ikipenyeza silaha ilikimbizwa na Waingereza hadi ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikazama kina kifupi. Risasi ziliopolewa, lakini maji ya chumvi yalikwisha kuingia. Kamanda wao, von Lettow-Vorbeck, aliandika baadaye kwamba hapakuwa na budi ila kuzifungua, kuisafisha baruti na kubadili fataki zilizoharibika. Askari weusi waliketi kwa miezi, asubuhi hadi jioni, wakifanya hivyo, na bado nyingi zilikataa kulia. Mwezi Juni mwaka huo huo Waingereza wakaishambulia Bukoba kutoka ziwani, wakaubomoa mtambo wa simu ya upepo, na mji ukaporwa. Babu zetu waliozifungua risasi zile kando ya Kilimanjaro hawakuacha daftari. Natamani wangaliacha, ningalipata maneno yangu humo bila ya kuwauliza vijana wa bodaboda.

Sasa nirudi barazani, pale niliposimamishwa na zile milimita tatu.

Mjomba wangu alikuwa mgambo katika vita vya Kagera. Alirejea mwaka 1979 na homa, na blanketi, na maganda saba ya risasi aliyoyaokota upande wa Kyaka. Maganda hayakuwa sawa. Mengine yalikuwa mafupi, ya bunduki tunayoiita SMG. Mawili yalikuwa marefu zaidi, ya bunduki nyingine. Fupi moja alilifanya kipimo cha gobore lake: lilijaa baruti nyeusi mara moja, likamiminwa mwanzini, basi. Lilikaa katika mfuko wa ngozi pamoja na baruti. Yaliyobaki alitugawia watoto. Mimi nilipata refu. Nililisugua kwa majivu mpaka likang'aa kama kikombe cha padri, nikajifunza kulipuliza kama filimbi, nikalivaa shingoni kwa uzi.

Mwaka 1984 nilikuwa na umri wa miaka kumi na minne, nimekwenda Nshamba kwa likizo. Nguruwe walikuwa wakiingia kibanja usiku, wakifukua viazi na kuangusha migomba michanga. Jioni ile mjomba alikuwa safarini. Binamu, mwenye miaka kumi na saba, alilishusha gobore, akaniambia kama baba yake alivyozoea kusema: “Lete ganda, lijae.”

Katika mfuko lilikuwamo lile fupi. Shingoni mwangu lilikuwamo langu. Sikukosea kwa giza, ingawa giza lilikuwa limeanza. Nilitaka ganda langu lifanye kazi ya watu wazima. Nililijaza baruti hadi mdomoni, nikampa, yeye akamimina akiangalia migombani, akashindilia kitambaa, na misumari iliyokatwa, na kitambaa tena. Ganda refu lilichukua zaidi ya nusu ya ziada kuliko lile fupi.

Nguruwe hakupigwa. Mwanzi ulifunguka upande wa kushoto, karibu na kifa. Binamu alipoteza vidole viwili vya mkono wa kushoto, na jicho la upande huo halikuona tena sawasawa. Alibebwa kwa machela usiku kucha. Mimi nilibaki nyumbani na shangazi wakilia, nikalivua ganda shingoni na kulitupa chooni.

Kesho yake watu walilitazama gobore. Hakuna aliyeuliza juu ya kipimo, kwani kipimo kilikuwa mfukoni mwake, kile kile cha miaka mitano. Wakauliza juu ya chuma. Gobore hilo lilitengenezwa na mhunzi wa kijiji cha pili, kwa bomba. Ikasemwa katika kilabu cha rubisi kwamba bomba lilikuwa bovu, kwamba mhunzi alilijua na akaliuza. Mjomba alikwenda kwake na wazee wawili. Nilijua wanakokwenda. Niliwaona wakipita, nikawaamkia.

Tangu hapo nimeandika mashairi kwa miaka thelathini na zaidi. Nimezihesabu mizani za kila mshororo, nane kwa nane, kwa vidole vya mikono yote miwili. Vijana huniletea tungo zao niwasahihishie, nami sina huruma: hapa mizani imepungua, hapa umejaza neno lisilo na kazi ili tu mstari utimie. Waliowahi kuniona mkali wasamehe. Neno hilo, mizani, katika daftari la binamu lilitokea mara kumi na tisa, na kila mara lilihusu kile chombo kidogo mezani pake anachopimia baruti.

Nilimaliza tafsiri mwezi Machi. Niliambatisha barua kwa mkono wangu, nikamweleza habari ya ganda refu. Ilikuwa mistari minane. Nilikuwa nimeandika kurasa tatu za kuomba na kueleza utoto, nikazichana, kwa kuwa zilikuwa na maneno ya kujazia.

Jibu lilichukua wiki tano. Lilipokuja lilianza hivi: “Umeandika gramu. Katika ukurasa wa tisa, na wa kumi na moja mara mbili.”

Kweli. Katika daftari palikuwa na kifupisho, herufi mbili, nami niliona herufi zinazoanzia gramu nikaandika gramu. Kumbe wao huipima baruti kwa uzani wa kale sana, uliotokana na punje ya nafaka. Punje kumi na tano na nusu hivi ndizo zifanyazo gramu moja. Nilikuwa nimekizidisha kila kipimo mara kumi na tano. Binamu aliandika kwamba kiasi hicho hakiingii katika ganda hata ukikishindilia kwa nyundo, kwa hiyo hakuna ambaye angekufa. Kisha akaandika: “Lakini mzee analo gobore jingine juu ya dari. Usimsomee ukurasa wa tisa. Na mwambie kwa herufi kubwa kwamba baruti ya kwangu haitiwi katika gobore, hata chembe, maana gobore lilifanywa kwa baruti nyeusi.”

Mstari wa mwisho ulikuwa peke yake: “Na mhunzi je?”

Juu ya vidole vyake hakuandika neno. Wala juu ya jicho. Niliisoma barua hiyo mara nyingi nikitafuta mahali alipokasirika, au mahali aliponisamehe, sikupaona. Nimeona tu kwamba bunduki ya wenzo ni chaguo la mtu mwenye mkono wa kulia mzima: wenzo ni kazi ya kulia, kushoto hubeba tu.

Nilikwenda Nshamba mwezi Juni, kwa basi dogo, katika jua la kiangazi lililoufanya udongo mwekundu uonekane kama umepikwa. Mjomba alikuwa na miaka themanini na mitatu. Alinipokea kwa kahawa ya kutafuna, akavaa miwani, akataka kusoma mwenyewe. Kiswahili chake cha kusoma alikipata katika madarasa ya watu wazima ya miaka ya sabini, na anakipenda. Alisoma kwa sauti. Alipofika mahali pa maganda kupangwa katika ubao na kumulikwa moja moja, akacheka kwa furaha. “Mwanangu amekuwa sonara,” akasema. Alipofika mahali pa zile milimita tatu, akarudia mara mbili. Hapo nikamwambia.

Hakunikatiza. Aliikunja miwani akaitia mfukoni, akaitoa tena.

“Ganda refu,” akasema. “Lile la filimbi.”

“Ndilo, mjomba.”

“Nilipokea mbuzi wawili kwa yule mtu.”

Sikujua habari ya mbuzi. Akanieleza. Mhunzi alikataa kwanza, akasema chuma chake ni kizima, akaomba aletewe kipande alichopasukia akitazame. Wazee wakamwona mjeuri. Mwishowe alitoa mbuzi wawili, mmoja akiwa na mimba. Hakufua bunduki tena, na hilo halikuwa neno, kwani serikali ilikuwa ikiyakataza yasiyo na kibali. Neno ni kwamba hata majembe na visu vyake watu waliacha kununua. Walikwenda kununua dukani Muleba, ya kiwandani, wakalipa zaidi. Alikufa mwaka ambao mjomba hakuukumbuka sawasawa, kabla ya tetemeko la 2016.

Mjane wake yuko hai. Tulimwendea siku ya pili, mjomba akitembea kwa fimbo, mimi nikibeba mkungu wa ndizi. Alituketisha nje, penye mti, karibu na kibanda kisicho na paa ambacho zamani kilikuwa cha mivukuto. Mjomba alisema yeye, kwa Kihaya, kwa adabu yote, na kwa urefu ambao nilijua ni wa woga. Mimi nilisema yangu kwa ufupi.

Mama yule alitafuna buni yake. Halafu akauliza jambo moja: mbuzi yule mwenye mimba alizaa wangapi.

“Wawili,” mjomba akajibu.

“Basi ni wanne,” akasema.

Mjomba akakubali wanne. Binamu amewalipia watatu kwa fedha aliyoituma, mimi nimemlipia mmoja, na wote walifikishwa kabla ya mwezi kwisha. Mwaka huo huo, Serikali ilipotangaza msamaha kwa watakaosalimisha silaha kwa hiari, Septemba hadi Oktoba, mjomba aliliteremsha na gobore la darini. Lilikuwa limeshindiliwa tangu zamani asizozikumbuka. Kulitoa ule mzigo ilikuwa kazi ya nusu siku: tulilimiminia maji kwanza, tukasubiri, kisha kitambaa kilichooza kikatoka, na misumari, na uji mweusi ulionuka kama yai bovu.

Lakini hilo la mbuzi halikumtosha mjane. Tulipokuwa tukiaga alisema kwamba habari ya mumewe haikusemwa nyumbani kwake; ilisemwa kilabuni, watu wakiwa na vibuyu mkononi, na waliokuwapo bado wamo wengine hai. Akataka isemwe pale pale, Jumamosi, saa ya watu wengi.

Mjomba alisema atakwenda kuisema yeye. Nilimwambia kilabu nakijua kilipo.